Uzi: Umepata kazi Unguja au Pemba na huna pa kufikia? Tafuta mtu kabla ya kutafuta chumba

mkaazi_wa_fuoni

Assalaam alaykum, na habari za jioni wanajamvi.

Kila zinapotoka ajira mpya, ziwe za serikali, za mahoteli ya pwani au za mashirika, humu ndani huja swali lile lile: "Nimepata kazi Zanzibar, naripoti wiki ijayo, nitapata wapi chumba cha mwezi mmoja wakati najipanga?" Majibu huwa mawili tu. Mmoja anatoa namba ya dalali, mwingine anasema nenda gesti. Mgeni wa watu anashika mojawapo, na kabla mshahara wa kwanza haujaingia akiba yake imeshakwisha. Inaniuma kuliona hilo, kwa sababu vyumba vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mgeni mkono. Nimeona niliandike kwa urefu, na ndugu zangu wa Pemba naomba mnijazie upande wenu, maana mimi nakaa Unguja.

Kwanza kabisa, usilipe kodi ya muda mrefu kabla hujaripoti kazini. Hapa mjini wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Tuseme chumba ni 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Dalali akitaka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, tayari ni 1,050,000, na hapo hujanunua godoro wala ndoo. Sasa unakwenda kuripoti na barua yako, ambayo imetaja jina la wizara tu, unaambiwa kituo chako ni Makunduchi, kusini kabisa. Au Mkokotoni, kaskazini. Chumba umelipia Mpendae, mjini. Pesa ile kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuitafuta upya.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza unahitaji mahali pa kupumzisha kichwa tu, pasipokufunga. Chumba cha namna hiyo kwa bei ya mwenyeji hakibandikwi popote. Kipo ndani ya nyumba za watu: chumba cha uani, chumba cha kijana aliyekwenda masomoni bara, ghorofa ya juu ambayo mwenyewe anaijenga pole pole na vyumba viwili vimeshaingia milango. Mwenye nyumba hii hajioni kuwa ni mfanyabiashara. Ukimpigia simu ukamwambia "nataka chumba mwezi mmoja" atakwambia hana, na hasemi uongo, kwa sababu kwake chumba hicho si cha kukodisha mtu asiyemjua. Nyumba ina mkewe, ina mabinti, ina wazee. Lakini akija mtu anayemfahamu akamwambia "huyu ni mwenzetu kazini, hana pa kufikia, mpe mwezi mmoja atafute pake", mlango unafunguka, na bei inayotajwa hapo utaishangaa.

Kwa hiyo simu yako ya kwanza iende kazini unakokwenda. Zungumza na watu wa utumishi. Waulize kituo chako khasa ni kipi, kama kuna nyumba ya wafanyakazi hata ya kushirikiana, kama barua yako ina posho ya kujikimu na hulipwa lini, na mwisho waombe wakuunganishe na mfanyakazi mmoja anayekaa karibu na kituo. Huyo mtu mmoja ndiye utakayemtegemea. Mtumie salamu, jitambulishe vizuri, umwambie unatoka wapi, una nani, na bajeti yako ni ipi. Usione haya kutaja bajeti. Watu wa hapa wanapokujua una kiasi gani wanakutafutia kinacholingana.

Kama kazini hakuna wa kukusaidia, njia nyengine ni msikiti au kanisa lako la huko ulipo sasa. Karibu kila msikiti wa Dar una mtu mwenye jamaa yake Unguja. Na ukishafika, wazee wa barazani. Mzee anayekaa barazani kila alasiri anajua nyumba ipi ina chumba kitupu kuliko dalali yeyote.

Kuna jambo wageni wa kutoka bara hawalijui, nalo ni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, eneo dogo kama mtaa au kijiji. Ukihamia kwenye shehia, hata kwa muda mfupi, mwenye nyumba anatakiwa akupeleke ukajitambulishe. Nenda na kitambulisho chako cha NIDA na nakala ya barua ya ajira. Hiyo ni faida kwako. Siku ukigombana na mwenye nyumba, au ukiumwa peke yako usiku, au ukihitaji barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, sheha ndiye anayekujua. Mwenye nyumba anayekwambia "usihangaike na sheha, kaa tu" mimi ningemwogopa. Jiulize kwa nini hataki ujulikane kwamba upo kwake.

Sasa mtaa upi? Usichague mtaa kwa sifa, chagua kwa njia ya gari. Kituo kikiwa Mnazi Mmoja, Vuga au bandarini Malindi, tafuta Kikwajuni, Michenzani, Magomeni, Jang'ombe, unakwenda kazini kwa miguu. Kikiwa chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, au ofisi za upande ule, Fuoni na Jumbi ndiyo njia yako. Ukikaa Bububu kwa kazi ya Tunguu utakuwa unavuka mji mzima asubuhi na jioni. Kazi ya uwanja wa ndege, angalia Kisauni, Tomondo au Kiembesamaki, daladala 505 inapita. Kazi ya Mtoni au Beit el Ras, kaa kwenye njia ya 502. Kazi ya Fumba, uliza Kombeni na Dimani kabla hujaja mjini.

Mji Mkongwe ni pazuri, lakini kwa mfanyakazi mpya si pa kuanzia. Vyumba vingi vya muda mfupi kule vimewekwa kwenye mitandao ya watalii na bei zake ni za kitalii. Bei hupanda kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena Disemba mpaka Februari, mwezi ambao pia kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara na vyumba vinagombaniwa. Ila ukifika wakati wa masika, Aprili na Mei, mambo yanageuka. Wageni wamepungua, vyumba viko vitupu. Ingia mwenyewe kwa miguu kwenye nyumba ndogo ya wageni, omba kuzungumza na meneja, omba bei ya mkaazi kwa mwezi mzima na kwa shilingi, na uonyeshe barua ya kazi. Nimewahi kuwapeleka watu wakapata kwa njia hiyo.

Ukilazimika kuanzia gesti, lipa usiku mbili tatu tu. Kama gesti ni 30,000 kwa usiku, mwezi ni 900,000, sawasawa na kodi ya nusu mwaka ya chumba nilichotaja juu. Gesti iwe ya kushukia na mizigo, si ya kuishi.

Kabla hujakubali chumba chochote, uliza maji. Mitaa mingine maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya huku, hayatoki kila siku, kwa hiyo nyumba iwe na tangi na pampu inayofanya kazi, au kisima. Fungua bomba mwenyewe. Kisha uliza umeme. Kama chumba hakina mita yake ya TUKUZA (umeme wa kulipia kabla, kama LUKU ya bara), mkubaliane mapema nani ananunua umeme na kwa mpango gani, maana nyumba ya wapangaji wanne na mita moja ndiyo chanzo cha magomvi mengi ninayoyasikia. Na kama ni masika, mwulize jirani, usimwulize mwenye nyumba: maji ya mvua yanaingia ndani? Sehemu za bondeni zinajaa.

Karibuni mchangie.

nesi_mgeni

Asante sana kaka kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi ni nesi, natokea Morogoro, nimepata kazi ya mradi wa afya na nimeambiwa nitakuwa Chake Chake, Pemba. Sijawahi kufika kisiwani hata mara moja. Ni mwanamke, niko peke yangu, na mimi ni Mkristo. Nimeshaambiwa mengi ya kunitisha: kwamba Pemba hakuna vyumba, kwamba mwanamke peke yake hapangishwi. Mkataba wangu wa majaribio ni miezi mitatu, kwa hiyo sitaki kulipa zaidi ya hapo. Nianzie wapi?

bi_tibirinzi

Mwanangu, karibu Pemba, na usitishwe na watu.

Vyumba vipo, ila ni kweli kwamba Chake si Unguja. Hatuna biashara kubwa ya vyumba vya muda. Gesti zipo chache, na siku ikiwa na shughuli ya serikali pale Gombani zinajaa zote. Msimu wa karafuu nao mji unachangamka, wanakuja wachukuzi, watu wa kila aina, chumba kinapatikana kwa taabu. Kwa hiyo usije bila kuwa umeshazungumza na mtu. Aliyeanzisha uzi amesema kweli, tafuta mtu kwanza.

Kuhusu mwanamke peke yake, nikwambie jinsi ilivyo. Anayepata taabu ya kupangishwa kwetu zaidi ni kijana mwanamume asiyeoa. Huyo ndiye mwenye nyumba anamwangalia mara mbili. Mwanamke mwenye kazi yake, tena nesi, nyumba za familia zinampokea. Utapewa chumba ndani, utakula na watu ukitaka, na watoto watakuzoea mpaka utachoka. Lakini ujue masharti ya nyumba ya familia. Wageni wanaume hawaingii chumbani, hata awe mfanyakazi mwenzako amekuja kukuletea faili. Anakaa barazani. Ukichelewa kazini unapiga simu, kwa sababu mama mwenye nyumba halali mpaka ajue umerudi. Wengine wanaona ni kubanwa. Mimi naona kwa mtu aliye mbali na mamaake ni ulinzi.

Ukristo wako si tatizo. Hakuna atakayekutaka uvae baibui. Vaa nguo ya heshima, na kanga uwe nayo ya kutokea uani. Kitu kimoja tu nakuomba: usipikie nguruwe kwenye sufuria za watu wala usiingize pombe ndani. Na Ramadhani ikikukuta, mchana mikahawa inafungwa, kwa hiyo uweke chakula chako ndani ule kwa faragha. Magharibi utaitwa futari kila nyumba.

Mtaa: kama ofisi yenu iko Machomanne, karibu na maofisi ya serikali, tafuta hapo hapo, au Tibirinzi, au Mkanjuni. Kama ni hospitali ya Vitongoji uliza upya, kwa sababu kule ni nje ya mji na kuna siku gari zinachelewa. Msiseme "Chake" mkadhani ni mahali pamoja. Wilaya ni kubwa.

nesi_mgeni

Bi mkubwa, shikamoo na asante. Umenitoa hofu. Nitawapigia watu wa mradi kesho niwaulize ofisi iko wapi khasa.

bi_tibirinzi

Marahaba mwanangu. Waulize na hili: gari ya mradi inapita kuchukua wafanyakazi? Kama inapita, chumba chako kiwe kwenye njia yake, hapo umeshaokoa nauli ya mwezi.

dalali_mwanakwerekwe

Mimi ni dalali na nimesoma uzi wote. Naheshimu aliyeandika, lakini madalali tumechafuliwa sana humu na si haki.

Mgeni ambaye hana mtu kazini, hana jamaa, hana msikiti unaomfahamu, anafanya nini? Sisi ndio tunaomtembeza juani. Tunajua nyumba ipi ina kesi ya mirathi, ipi mwenyewe yuko Oman na mdogo wake anakodisha bila ruhusa. Dalali mzuri anakuepusha na hayo. Na ujira wa mwezi mmoja mnaoulalamikia ni kwa mkataba mrefu. Mtu akitaka chumba cha mwezi mmoja mimi siwezi kumdai mwezi mmoja, itakuwa nimemla. Tunakubaliana kidogo tu, na mara nyingi najua atarudi kwangu akitaka nyumba ya mwaka. Kosa la wageni ni kutokubaliana ujira kabla ya kutembea. Wanazunguka, wanaonyeshwa vyumba vinne, halafu ndiyo wanauliza "wewe nikupe ngapi?" Hapo lazima mgombane.

mkaazi_wa_fuoni

Ndugu yangu, umeongea jambo zito na nalikubali, khasa hilo la mirathi na la mwenyewe kuwa Oman. Ni kweli linawaumiza watu. Mtu analipa, anaingia, mwezi wa pili anakuja ndugu mwengine na barua ya mahakama.

Ninachosema ni kwamba dalali asiwe mtu wa kwanza. Mgeni akishakuwa na mwenyeji mmoja wa kumsindikiza, aende kwa dalali. Dalali mwenyewe anazungumza tofauti mgeni akiwa na mtu wa mtaani pembeni yake, hilo unalijua. Na malipo yaende mkononi mwa mwenye nyumba, si kwa dalali, na aandike risiti hata kwenye karatasi ya daftari: jina lake, jina lako, kiasi, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani. Akikubali sheha au mjumbe mmoja asaini kama shahidi, ni bora zaidi. Tarehe ya mwisho iandikwe wazi, kwa sababu chumba cha mwezi kisichoandikwa tarehe ya kumalizika hugeuka ugomvi.

dalali_mwanakwerekwe

Hapo tuko pamoja. Na mimi ninampeleka mteja akaonane na mwenyewe. Dalali anayekuficha mwenye nyumba mkimbie.

mhasibu_mpya

Naomba niongeze la matapeli, maana limenikuta. Niliona tangazo mtandaoni, chumba kizuri, kitanda, feni, dirisha linaona bahari, "Mbweni, 120,000 kwa mwezi, hata mwezi mmoja tunapokea". Jamaa akasema kuna watu watatu wanakitaka, nitume nusu kama arbuni anishikie. Nikamwomba aniwashie video tuzungumze akiwa ndani ya chumba. Akasema simu yake mbovu. Nikamwomba jina la sheha wa shehia hiyo. Akanifungia. Baadaye rafiki yangu akaziona picha zile zile kwenye ukurasa wa hoteli moja ya Nungwi.

Kwa hiyo wanaotafuta wakiwa mbali, video ya moja kwa moja na jina la sheha. Mtu wa kweli yote mawili anayo.

mkaazi_wa_fuoni

Umefanya la maana sana ndugu. Swali la sheha ni zuri kwa sababu mwenyeji yeyote anamjua sheha wake, hana haja ya kufikiri. Na bei pia inasema. Chumba chenye vyombo vyote Mbweni chenye kuona bahari hakiwezi kuwa bei hiyo. Na wanajamvi, msitume pesa kwa simu kwa chumba ambacho hakijaonwa na macho ya mtu mnayemwamini, hata kama ni 20,000 ya "usumbufu".

mpishi_wa_pwani

Sisi wa mahoteli hamjatugusa. Nimepata kazi jikoni, hoteli ya upande wa Kiwengwa. Wamesema "malazi yapo". Je, nijiamini nije hivyo hivyo?

mhudumu_nungwi

Nimefanya kazi pwani hii kwa muda, nikujibu.

"Malazi yapo" ni neno pana. Kuna hoteli zina nyumba za wafanyakazi nzuri, vyumba vya watu wawili, chakula na usafiri. Kuna nyengine ni chumba kimoja cha watu wanane, vitanda vya juu na chini, choo kimoja. Kuna nyengine malazi ni kwa wale wa zamu ya usiku tu. Uliza hivi: chumba cha watu wangapi? Kiko ndani ya hoteli au kijijini? Mnakata kwenye mshahara? Nikiacha kazi naondoka siku hiyo hiyo au napewa siku? Hilo la mwisho watu hawaulizi, kisha wanajikuta na begi barabarani saa nne usiku.

Na uulize mkataba unasemaje kuhusu masika. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu Aprili na Mei. Ukiajiriwa Februari ukakodi chumba kijijini kwa miezi sita, miezi miwili utakilipia ukiwa huna kazi. Kodi mwezi mwezi mpaka umeuona msimu mmoja umepita.

Kijijini vyumba vipo, familia nyingi za Kiwengwa, Matemwe na Nungwi zimejenga mabanda ya kupangisha wafanyakazi wa hoteli. Wamezoea kodi ya mwezi, tofauti na mjini. Ila kaeni kwa adabu ya kijiji. Muziki wa usiku na kutembea kifua wazi mpaka dukani kumewafukuzisha wengi, na wanapofukuzwa wao, sisi tunaobaki tunaangaliwa kwa jicho lile lile.

mpishi_wa_pwani

Nimeelewa kaka. Hilo la masika sikulijua kabisa. Nawaandikia leo.

baba_wa_watatu

Wakuu, mimi nina mke na watoto watatu, wawili wapo skuli ya msingi. Nahamishwa kutoka Tanga kwenda Unguja, ofisi iko mjini. Mke wangu anataka twende wote siku moja. Mimi nafikiri nitangulie. Mnanishauri vipi?

mkaazi_wa_fuoni

Tangulia, ndugu yangu. Ninalisema hili kwa nguvu zote. Chumba cha mwezi mmoja cha mtu mmoja unakipata. Cha watu watano hukipati, utaangukia nyumba nzima kwa bei ya kitalii, au utabanana kwa jamaa mpaka udugu uingie doa. Watoto wasitolewe katikati ya muhula kuja kukaa mahali ambapo mwezi ujao watahama tena. Tangulia, kaa chumba kimoja karibu na kazi, na jioni na Jumapili zitumie kutembea mitaa ukiwa unaangalia kwa macho ya baba: skuli iko umbali gani, watoto wanavuka barabara kubwa, kuna kituo cha afya, maji yanatoka saa ngapi. Nyumba ya familia unaitafuta ukiwa hapa hapa. Na mkeo aje aione kabla hujalipa, kwa sababu jiko na uani atavitumia yeye kuliko wewe.

karani_mstaafu

Naunga mkono, na nimwongezee mzee mwenzangu jambo. Akija, akaangalie pia zile nyumba za maendeleo, yaani maghorofa yaliyojengwa na serikali, Michenzani na Kikwajuni. Ni katikati ya mji, maofisi yako karibu. Lakini aulize kama anayemkodisha ana haki ya kukodisha. Kuna nyumba ziko chini ya Shirika la Nyumba, na Mji Mkongwe kuna nyumba nyingi za Wakfu. Mtu aliyepanga pale akikupangisha na wewe juu kwa juu, siku ya siku ikifika huna pa kusimama. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, nimewaona watu wazima na familia zao wakitolewa vitu nje bila ya kosa lao. Mwombe karatasi. Asiyekuwa na karatasi, pita.

baba_wa_watatu

Ahsanteni sana wazee wangu. Nimemwonyesha mke wangu uzi huu, amekubali nitangulie, kwa sharti kwamba jiko atalichagua yeye.

mwalimu_mtarajiwa

Na kama mtu anakwenda SUZA kwa mkataba wa muhula mmoja tu, miezi minne hivi?

mkaazi_wa_fuoni

Maalim, hapo jaribu dakhalia (mabweni) za binafsi zinazopangisha wanafunzi upande wa Tunguu na Fuoni. Zina vitanda na meza tayari. Wanafunzi wakienda likizo vyumba hubaki vitupu na wenyewe wanapenda kupata mpangaji wa muda. Ukiwa mwalimu omba chumba cha upande wa mwisho, pasiwe na kelele. Idara yako nayo iulizwe, wahadhiri wageni wameshapita wengi, nyumba walizokaa zinajulikana.

nesi_mgeni

Wapendwa, nimerudi na habari. Ofisi ya mradi iko Machomanne. Dada mmoja wa pale amenipatia chumba kwa mama mmoja, mwezi mmoja kwanza, tukipendana naendelea. Nimezungumza na mama kwa video, nimeuona uani wote, kisima kipo, na sheha ameshaambiwa kwamba nakuja. Nimebaki na swali la safari na la vitu vya kubeba. Nashuka Unguja kutoka Dar halafu napanda meli ya Pemba.

bi_tibirinzi

Alhamdulillahi, nimefurahi kama ni wangu wa kumzaa.

Ukikata tiketi ya Pemba uliza meli inashusha Mkoani au Wete, kwa sababu zinabadilishana. Ikishusha Mkoani, toka nje ya bandari upande gari ya 603, inakuja moja kwa moja Chake. Ikiwa Wete, ni 606. Panda meli ya usiku ikiwezekana, unafika asubuhi, una mchana mzima wa kupanga vitu vyako na kwenda kwa sheha kabla ofisi yake haijafungwa. Kitambulisho kiwe mkononi, usikitie ndani ya begi kubwa, maana kinatakiwa bandarini.

Vya kubeba: chumba cha nyumba ya watu kina kitanda na godoro, lakini shuka, foronya na chandarua ni vyako. Lete na ndoo yako ya kuogea, au nunua hapa sokoni, bei si kubwa. Jiko usilete, uliza kwanza kama mama anataka upike kwake au mle pamoja na wewe uchangie. Mwambie mama siku na saa ya meli, atamtuma kijana akupokee kituoni pale Chake akubebee mzigo.

nesi_mgeni

Nimeshamwambia. Amesema nisinunue shuka, anazo, nilete chandarua tu.